Bei ya Karafuu Haipangwi Shambani

Mwezi Januari 1652, Sultani Mandarsyah wa Ternate alikubali, mjini Batavia na mbele ya Waholanzi, kwamba mikarafuu iliyokuwa katika himaya yake ikatwe. Kwa kukubali huko akaahidiwa malipo ya kila mwaka. Watu walioitunza miti hiyo kwa vizazi na vizazi, wakaichuma na kuwauzia Wajava, Waarabu, Wachina na Wareno, hawakuulizwa neno. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602 na kuiteka Ambon miaka mitatu baadaye, ilitaka karafuu ya dunia nzima itoke Ambon na visiwa vichache vya jirani, mahali ambapo ingeweza kuusimamia kila mti. Kwingineko kote katika visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, ilipeleka misafara ya mitumbwi ya vita iliyozunguka pwani hadi pwani ikikata mikarafuu. Katika rasi ya Hoamoal, kisiwani Seram, watu walishika silaha kuilinda miti yao. Vita vilipomalizika mwaka 1656, miti ilikuwa imekatwa na walionusurika wamehamishwa kwa nguvu.

Mkulima wa Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, anaweza kuuliza Maluku inamhusu nini. Inamhusu kwa kuwa kilichofanywa kule kimerudiwa mara nyingi tangu hapo, kwa majina tofauti na kwa ukatili unaopungua, mpaka kwenye mashamba ya Unguja na Pemba. Kwa karibu karne nne, kila aliyetaka kulitawala soko la karafuu amemshika mkulima: amemhesabia miti, amemkatia leseni, amempangia bei, amemzuia kuuza kwa mwingine. Bei yenyewe ilikuwa ikitengenezwa mbali na shamba, na mtu anayepika, anayetafuna, anayekamua mafuta au anayevuta sigara, ambaye hakuna kampuni wala serikali iliyoweza kumwamuru. Wanahistoria wa uchumi waliofanya kazi Zanzibar tangu miaka ya 1970 wametupa ushahidi wa kutosha kulisema jambo hili bila kubahatisha, na nadhani hatujausoma ushahidi huo inavyostahili.

Karafuu ina tabia mbili zinazomtesa kila anayetaka kuisimamia. Kwanza, mnunuzi anahitaji kidogo tu. Chungu cha pilau hakitiwi karafuu mara mbili kwa sababu bei imeshuka nusu, na bei ikipanda maradufu mpishi hataziacha. Kwa hiyo mavuno yakizidi kidogo tu, bei huanguka sana. Yakipungua kidogo, hupaa. Pili, mti wenyewe hauna haraka. Mkarafuu huchukua miaka sita au saba kabla ya kuanza kutoa mazao ya maana, kisha huzaa kwa kupokezana, mwaka wa neema ukifuatwa na miaka ya uchache. Anayepanda leo kwa kuvutiwa na bei ya leo atavuna katika soko ambalo hakuna anayelijua, pamoja na wote waliovutiwa na bei ileile.

Waholanzi walilijua la kwanza. Ndiyo maana walikata miti, na ndiyo maana katikati ya karne ya 18 viungo vilivyorundikana ghalani vilichomwa moto Amsterdam ili bei isishuke. La pili liliwashinda. Bei waliyoilinda kwa ukatili ilimshawishi kila mtu mwingine kutafuta mche. Mfaransa Pierre Poivre, msimamizi wa kisiwa cha Mauritius, ndiye aliyefanikiwa: mwaka 1770 miche iliyotoroshwa Maluku ilifika kisiwani mwake, na kutoka huko ikaenda Réunion. Kabla ya mwaka 1820 mikarafuu ilikuwa imeshapandwa Unguja. Sifa ya kuileta hupewa Saleh bin Haramil, mfanyabiashara wa Kiomani aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani, mashamba ambayo baadaye Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alimnyang'anya.

Yaliyofuata yameelezwa vizuri kuliko popote na Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Kizanzibari, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu. Karibu na mwaka 1830, frasila moja ya karafuu, yaani takriban kilo 16, iliweza kuleta hadi reale 10. Kila mwenye uwezo alikimbilia kupanda. Mapokeo yanasema Seyyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Iwe amri ilitolewa kwa maneno hayo au la, matokeo yanajulikana: mwishoni mwa miaka ya 1830 Zanzibar ilikuwa ikisafirisha chini ya frasila 10,000 kwa mwaka, na miaka ya 1850 ilivuka laki moja. Bei ikaporomoka hadi kiasi cha reale mbili hivi. Utajiri wote huo ulichumwa kwa mikono ya watu waliotekwa bara, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa. Bei iliposhuka, hasara haikumpunguzia mtumwa kazi. Mwenye shamba aliyepata moja ya tano ya bei ya zamani alitafuta watumwa zaidi ili auze zaidi, na kwa kuuza zaidi akaishusha bei tena.

Lakini katika karne hiyohiyo kulikuwa na soko lingine ambalo mnunuzi wake alikuwa huku kwetu, na linafundisha mengi kwa kuwa linaonyesha upande wa pili wa jambo lilelile. Jeremy Prestholdt, katika utafiti alioutoa mwaka 2004 na kitabu cha mwaka 2008, alichukua barua za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akazisoma akiwa na swali moja: nani alikuwa akimwamuru nani? Wamarekani walikuwa na mkataba na Seyyid Said tangu 1833 na konsuli wao Zanzibar tangu 1837, na bidhaa yao kubwa ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Barua zimejaa malalamiko na maelekezo kutoka Zanzibar: upana ukipungua kidogo, uzito ukibadilika, nguo inakataliwa. Wanunuzi wa Unyamwezi na Ugogo walikijua kitambaa chao na hawakukubali kudanganywa. Salem kulijengwa kiwanda kikubwa cha kuendeshwa kwa mvuke, na sehemu kubwa ya nguo zake ililetwa huku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, wenye viwanda wa Bombay walijifunza kuiga kitambaa kilekile, wakaja kulitwaa soko. Na kwenye shanga mambo yalikuwa magumu zaidi. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara mwaka 1857, aliandika kwamba zilikuwapo aina kama 400, na msafara uliobeba rangi ambayo mitindo ya mahali imeshaiacha ulikosa hata chakula cha kununua. Tumezoea kusimuliwa kwamba mtu wa bara alikuwa akipokea tu kilicholetwa, na ni dhuluma kuendelea kuisimulia hadithi hiyo wakati ushahidi wa barua za biashara unasema vingine.

Turudi kwenye karafuu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo mama wa karafuu. Mwaka uliofuata soko la watumwa likafungwa, na Aprili 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu safari ya watumwa hadi kuwa maskwota, ameonyesha jinsi wenye mashamba na maofisa wa Kiingereza walivyohangaika kuwageuza walioachiwa huru kuwa vibarua wa kudumu, na jinsi watu hao walivyokataa: walilima mihogo yao pembeni mwa shamba, wakachuma karafuu msimu ukifika, wakadai walipwe kwa walichochuma.

Kazi yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndipo gharama zote zinapoanzia. Mchumaji hupanda juu ya mti ambao matawi yake ni mepesi kuvunjika, akavuta vishada kabla maua hayajafunguka. Yakifunguka, thamani imekwenda. Chini, wanawake na watoto huchambua: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Zilizochambuliwa hupimwa kwa pishi, na kwa pishi ndiyo mchumaji hulipwa. Kisha huanikwa majamvini siku kadhaa, zikigeuzwa, zikikimbiziwa ndani wingu likitanda, kwani zikirundikwa zikiwa mbichi huvunda na kupoteza rangi. Haya yote hufanyika ndani ya wiki chache, na mchumaji anataka fedha yake sasa. Mwenye shamba hana fedha hiyo mpaka auze. Lazima akope.

Mkopo huo ndio uliolijenga soko la Zanzibar, na utafiti wa miaka ya karibuni umeuchunguza kwa undani. Fahad Bishara, katika kitabu cha 2017 kuhusu madeni ya Bahari ya Hindi, amezisoma nyaraka zilizoandikwa na makatibu Zanzibar na Oman, na humo kuna mkataba mmoja unaorudi tena na tena: bei ya khiyari. Mwenye shamba anaandika waraka kwamba amemuuzia fulani shamba lake la mikarafuu kwa reale kadhaa, naye ana haki ya kulikomboa akizirudisha ndani ya muda waliokubaliana. Papo hapo anapangishwa shamba lilelile, na kodi anayolipa ndiyo faida ya mwenye fedha. Riba haikutajwa, na shamba halikuondoka mikononi mwake. Mkopeshaji, mara nyingi mfanyabiashara wa Kihindi wa mjini, alikuwa naye ana deni kwa nyumba kubwa zaidi ya biashara, na nyumba hiyo ilikuwa na mkono wake Bombay. Kwa hiyo habari za mnunuzi wa mwisho zilishuka kwa ngazi hizohizo mpaka shambani, zikiwa zimegeuka kiasi cha mkopo. Bombay ikitaka karafuu, mkopo ulipatikana kwa urahisi.

Miaka ya 1930 ngazi hiyo ilivunjika. Mdororo wa uchumi wa dunia ulishusha bei, madeni yakawa hayalipiki, na maofisa wa himaya ya Kiingereza waliogopa kwamba ardhi yote ingehamia kwa wakopeshaji. Tume na taarifa zikafuatana, nyingine juu ya ushirika, nyingine juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934 zikatungwa amri za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa watu wengine, kusimamisha madai ya madeni, na kuwatoza leseni wasafirishaji. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa 1927, kikapewa nguvu mpya. Usimamizi haukuishia kwenye karafuu. Sheria ya kukagua ubora wa mazao ilipowagusa wauzaji wa mbata, Februari 1936, wengi wao wakiwa Wamanga, yaani Waarabu waliotoka Oman, walizusha ghasia mjini Zanzibar na watu wakauawa, akiwemo ofisa wa serikali. Mtu aliyekausha nazi zake kwa moshi kwa sababu mvua haimruhusu kuzianika alikuwa ameambiwa ghafla kwamba mali yake haiuziki.

Mwaka 1937 serikali ilikwenda hadi mwisho: chama peke yake ndicho kingenunua karafuu za kusafirishwa nje. Hapa napenda kuwatendea haki maofisa wale. Madeni yalikuwa ya kweli, na mkulima aliyekuwa akiuza mavuno yake kabla ya kuyachuma alihitaji msaada. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba mfanyabiashara ni mtu wa katikati anayekula bure, na kwamba akiondolewa faida yake itamrudia mkulima. Hawakujiuliza nani angenunua kwao. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa karafuu ya Zanzibar, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar walikataa kugusa hata pishi moja iliyopitia chama. Chama cha Congress huko India kiliunga mkono mgomo, wafanyabiashara wa Bombay wakaacha kununua, na magunia yakalala ghalani. Serikali yenye polisi na mahakama ilikuwa na karafuu zote na haikuwa na mnunuzi. Mei 1938 ilisaini mapatano yaliyowarudisha wasafirishaji kwenye biashara, chama kikibaki na sehemu yake. Mgomo ule ulikuwa na mambo mengi ndani yake, heshima ya Wahindi ughaibuni ikiwa mojawapo, lakini kwa historia ya uchumi somo lake ni zito: kodi, leseni na amri viliweza kumfikia kila muuzaji Zanzibar, na havikuweza kumfikia mnunuzi hata mmoja wa Bombay.

Wakati huohuo, bila kelele, wanunuzi wengine walikuwa wakiondoka na wengine wakiingia. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, mafuta ya karafuu yalitumika viwandani kutengenezea vanilini, ile harufu ya vanila iliyomo kwenye biskuti na aiskrimu. Katika miaka ya 1930 wakemia walipata njia ya kuitengeneza kutokana na mabaki ya mbao kwenye viwanda vya karatasi, na mlango huo ukaanza kujifunga. Aliyeingia ni mvutaji wa Java. Katika mji wa Kudus, mwishoni mwa karne ya 19, watu walianza kuchanganya tumbaku na karafuu zilizokatwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Nitisemito, mwenyeji wa mji huo, aliifanya sigara hiyo, kretek, kuwa biashara kubwa. Karafuu inaweza kufika karibu theluthi moja ya mchanganyiko wake. Indonesia, nchi iliyokuwa nyumba ya kwanza ya mkarafuu, ikaja kuwa mwagizaji mkuu wa karafuu za Zanzibar na Madagascar. Pilau na chai vikabaki wateja wadogo, na riziki ya Pemba ikategemea pumzi za wavutaji wa Java.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ununuzi uliingia mikononi mwa dola moja kwa moja, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Miaka ya 1970 viwanda vya kretek vilileta mashine, Waindonesia walivuta zaidi, na bei ya dunia ikapanda kuliko ilivyowahi kukumbukwa. Fedha ya kigeni ya Zanzibar karibu yote ilikuwa karafuu. Kilichomfikia mkulima kilikuwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Robert Bates, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu masoko na dola katika Afrika, alieleza jinsi mabodi ya mazao, yaliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, yalivyogeuka njia ya kumkamua mkulima ili kuendesha miji na serikali. Hakuandika kuhusu Pemba, lakini Pemba ingemtosha kuwa mfano wa kitabu kizima. Jibu la mkulima lilikuwa magendo. Ukiwa kaskazini ya Pemba, Shimoni na Wasini, pwani ya Kenya, ziko safari ya usiku mmoja kwa mashua, na nchi hiyo, yenye mikarafuu michache, ikaonekana kwenye takwimu kama msafirishaji wa karafuu. Serikali ilijibu kwa vikosi, upekuzi na adhabu kali. Sioni namna ya kulihukumu jambo hili isipokuwa kusema kwamba watu waliopanda na kuchuma waliitwa wahalifu kwa kutaka bei ambayo mazao yao yalikuwa nayo tayari.

Kisha mnunuzi naye akabadilika. Serikali ya Indonesia haikufurahia kutumia fedha nyingi kununua karafuu nje, ikawahimiza wakulima wake wapande, hasa Sulawesi. Miti ilipokomaa katika miaka ya 1980, Indonesia ilijitosheleza, na bei ikaporomoka dunia nzima. Pemba ilibaki na mikarafuu na shirika, mnunuzi wake mkuu akiwa amejiondoa. Wakulima wa Indonesia nao hawakufaidi kwa muda mrefu. Mwishoni mwa 1990 mtoto wa Rais Suharto, Tommy, alipewa ukiritimba wa kununua karafuu zote za nchi kwa jina la kuwalinda wakulima. Alinunua kwa bei kubwa, akataka kuviuzia viwanda kwa bei kubwa zaidi, viwanda vikatumia akiba vilizokuwa nazo, na maghala ya ukiritimba yakafurika. Ikafika hatua wakulima wakashauriwa wakate sehemu ya mikarafuu yao. Miaka 340 ilikuwa imepita tangu mkataba wa Mandarsyah. Ukiritimba huo ulifutwa mwaka 1998, nchi ilipokuwa imezama kwenye msukosuko wa fedha na Shirika la Fedha la Kimataifa likiwa limeuweka miongoni mwa masharti yake.

Kwetu badiliko kubwa lilikuja mwaka 2011, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein, serikali ilipopandisha kwa ghafla bei anayolipwa mkulima hadi shilingi 15,000 kwa kilo na kuweka sera kwamba apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Magendo yalipungua mara moja, jambo ambalo miongo ya doria haikuweza kulifanya. ZSTC ilibaki kuwa mnunuzi pekee, kwa hiyo ukiritimba haukuondoka. Kilichobadilika ni kwamba safari hii bei ya shambani ilifungwa kwenye bei ya mnunuzi wa mwisho. Naiona kuwa hatua ya haki kuliko zote zilizotangulia. Vilevile naona udhaifu wake. Asilimia 80 ya bei nzuri ni riziki, na asilimia 80 ya bei iliyoporomoka ni shida kwa mtu ambaye mti wake hautakubali kugeuzwa kuwa kitu kingine. Indonesia ikipata mavuno makubwa, mkulima wa Pemba ataisikia mfukoni hata kama sera haijaguswa. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, kinachokamua mafuta kutoka kwenye vikonyo, kinaonyesha njia mojawapo ya kutafuta wanunuzi wasiovuta sigara, na njia za namna hiyo zinastahili fedha na akili zaidi ya zinavyopata.

Yupo pia mtu ambaye asilimia 80 haikumtaja. Mchumaji hauzi kwa shirika. Anapatana na mwenye shamba, analipwa kwa alichochuma, na akianguka kutoka mtini hasara ni yake. Tuna vitabu vizuri kuhusu sultani, mkopeshaji, ofisa wa himaya na shirika. Kumhusu mchumaji wa baada ya 1964 bado tuna machache mno. Waliochuma Pemba katika miaka ya 1970 wengine wangali hai. Mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anaweza kwenda kuwauliza walilipwa kiasi gani kwa pishi, mwaka gani, na nani aliyepima, kisha aliweke jibu hilo kando ya bei ambayo tani ya karafuu ilikuwa ikiuzwa Jakarta mwaka huohuo.